Nyimbo Ninazowagawia Wahusika wa Riwaya

Zipo nyimbo ambazo siwezi tena kuzisikiliza bila kumwona mtu ambaye hakuwahi kuishi popote isipokuwa ndani ya kitabu. Magitaa ya bendi ya Les Wanyika yakianza tu, Idi wa riwaya ya Kiu huwa amekwisha kuingia chumbani, na Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, akifungua kinywa namwona Mwajuma wa Vuta N'kuvute akicheka ugani kwake. Wasomaji wenzangu wanao wao pia, na tukikutana hubishana kuhusu nani anastahili wimbo gani kwa ukali ambao pengine tungeutumia vizuri zaidi katika mambo mengine. Katika mabishano hayo nimefikia msimamo mmoja: wimbo unaomfaa mhusika ni ule unaosema jambo ambalo mwandishi hakumpa mhusika nafasi ya kulisema, na si lazima usimulie kisa kinachofanana na chake.

Kwa sababu hiyo, nyimbo zinazotaja majina ya watu huwa hazinisaidii sana. Marijani Rajab alituachia Georgina na Zuwena, na Issa Juma alituachia Sigalame, yule aliyetoweka na kusemekana yuko Bungoma akifanya biashara ambayo hakuna anayeielewa. Sigalame ni mhusika kamili, mwenye fumbo lake, majirani wanaomsengenya na mji anaokaa. Wimbo wake ni riwaya fupi inayojitegemea, na ukijaribu kumpa mtu mwingine utakuwa unampokonya mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa Kijiti, ambao Siti binti Saad aliuimba kuhusu mauaji yaliyotokea kweli Zanzibar. Yule mgeni aliyerejeshwa maiti ana kisa chake, na haitakuwa haki kumvisha sura ya mwingine.

Taarab, kwa upande wake, imejengwa kwa namna inayoruhusu kuazimwa. Mshairi hamtaji anayemsema, husema kwa mafumbo, na wimbo ukishatoka mdomoni mwa mwimbaji huwa ni wa yeyote atakayeudai. Aliyewahi kuhudhuria taarab amewaona wanawake wakiinuka kwenda kumtuza mwimbaji pale ubeti unapogusa jambo lao, wakitembea polepole, noti ikiwa juu, ili aliyekusudiwa kule viti vya nyuma apate muda wa kuelewa kwamba ndiye anayeambiwa. Mtunzi hakuwajua wanawake hao wala mahasimu wao, lakini kwa dakika chache wimbo umekuwa mali yao. Ninapompa mhusika wa riwaya wimbo wa taarab, nafanya jambo hilo hilo, isipokuwa anayeinuka kutuza ni mtu wa karatasi.

Wa kwanza kuinuka daima ni Mwajuma. Katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, msichana wa Kihindi wa miaka 15, Yasmin, anamkimbia mume mzee aliyeozwa, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, asiye na mali wala cheo. Wasomaji wengi humkumbuka Denge na harakati zake dhidi ya ukoloni, na ni sawa, kwani riwaya imempa Denge maneno ya kutosha. Mwajuma, ambaye bila yeye Yasmin asingekuwa na pa kulala, hapewi hotuba hata moja. Yeye hutenda, hutania, hupenda starehe zake, na watu humsema.

Hapo ndipo Muhogo wa Jang'ombe unapoingia. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo hiyo hiyo, na wimbo huo, kama Bi Kidude alivyouimba kwa sauti yake kavu isiyoomba radhi, unaonya watu wasiwatukane wakunga ilhali uzazi ungalipo. Ukiuweka mdomoni mwa Mwajuma, unakuwa jibu kwa kila jirani aliyemdharau: nyinyi mnaoninyooshea kidole leo, kesho mtahitaji mlango wangu kama huyu msichana alivyouhitaji. Mwandishi hakuliandika jibu hilo, na nadhani alifanya vyema, maana Mwajuma akihubiri atakuwa mtu mwingine. Wimbo, kwa kuwa ni fumbo, unamruhusu aseme yote huku akiendelea kupepeta mchele. Amil Shivji alipoifanya riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, nafasi ya Mwajuma alipewa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji. Sikushangaa hata kidogo. Mwajuma alihitaji mtu aliyezoea kusema jambo zito kwa kuliimba.

Nije kwa Idi. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1972, ina kiu tatu: Bahati ana kiu ya mapenzi, mzee Mwinyi ana kiu ya Bahati, na Idi, kijana mtanashati mwenye ulimi mtamu, ana kiu ya mali, naye huyatumia mapenzi ya watu kama ngazi ya kuifikia. Nimempa Sina Makosa wa Les Wanyika, wimbo uliorekodiwa Nairobi na kuvuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuna wanaonilaumu kwa kuuchafua wimbo wanaoucheza harusini, lakini nawaomba wausikilize tena. Anayeimba ni mwanamume aliyekabiliwa na mwenzake kuhusu mwanamke, na utetezi wake wote ni kwamba mwanamke huyo si wa yeyote kati yao, kwamba kila mmoja ana wake nyumbani, kwa hiyo hasira ni za nini? Haombi msamaha, wala hamfikirii mwanamke mwenyewe, ambaye hapewi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Na kinachotisha ni kwamba tunamsamehe, kwa kuwa magitaa ni matamu na besi inatembea bila haraka. Hivyo ndivyo Idi alivyompata Bahati: hoja zake hazikuwa na uzito, ila zilisemwa kwa sauti nzuri. Sijui wimbo mwingine unaomfanya msikilizaji ashiriki kosa la mhusika kiasi hicho.

Mwandishi yuleyule alitupa Nyota ya Rehema mwaka 1976, na humo yumo Sulubu, mkulima fukara anayemwoa Rehema. Watu hupenda kumpa Malaika, ule uliorekodiwa na Fadhili William na kuenezwa duniani na Miriam Makeba, kwa sababu tu unahusu kijana asiye na mali. Nakataa. Kijana wa Malaika ameshindwa kuoa na amebaki kuimba. Sulubu alioa, akashika jembe.

Mgawo ninaoupenda kuliko yote ni wa Zainabu Makame, mama yake Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka 1996. Zainabu ni mwimbaji wa taarab wa Tanga, anafariki, na mwanawe anabaki kutafuta njia yake hadi Kenya alikotoka baba. Hapa pana ugumu wa pekee, kwa kuwa mhusika mwenyewe ni mwimbaji, na riwaya inatuambia kwamba sauti yake ilipendwa, lakini karatasi haitoi sauti. Msomaji asipomtafutia sauti, Zainabu anabaki sifa tupu. Mimi nimempa ya Bi Shakila, aliyezaliwa Pangani na kupata jina katika vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, na wimbo ni Macho Yanacheka, unaomhusu mtu ambaye uso wake unafurahi huku moyo unalia. Mama aliyeachwa alee mtoto peke yake, kisha akasimama jukwaani kuwafurahisha wengine, angeuimba bila kuhitaji mazoezi. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba wimbo huo ni wa Rehema, wa ile miaka yake ya kuhangaika mjini. Hoja yake si mbaya, lakini Rehema hakuwa na jukwaa.

Anayenishinda ni Rosa. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Rosa Mistika mwaka 1971, alimweka binti wa Ukerewe chini ya baba mlevi, Zakaria, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana na kumlea kwa hofu ya wanaume, hadi siku anapotoka mikononi mwake bila kujua lolote la kumlinda. Nimezipitia nyimbo za dansi za wakati huo ninazozifahamu, na zinazowahusu wasichana waliopotea zimeimbwa na wanaume wanaoonya: dada, tulia, dada, mji utakumaliza. Hao wote ni Zakaria wenye magitaa. Katika taarab wanawake wanasema, tena kwa makali, lakini wanamsema hawara, mke mwenza au jirani mwenye wivu. Baba hasemwi. Ndiyo maana, nadhani, Kezilahabi hakupata pa kumsimamisha Rosa amshitaki mzazi wake ila mbele ya Mungu, baada ya wote wawili kufa, katika ile kesi ya mwisho ambayo wasomaji wengine huiona imebandikwa tu na mimi naiona ndiyo kitabu chenyewe.

Kwa hiyo nafasi ya Rosa bado iko wazi. Anayemfaa ni mwanamke mwenye sauti isiyolia, na maneno yaelekezwe kwa baba moja kwa moja, bila kupitia kwa mama wala kwa ndugu. Ombi langu kwa atakayeutunga ni kwamba asimtaje Rosa wala Zakaria kwa jina, ili siku utakapopigwa ukumbini, binti yeyote atakayejitambua humo aweze kuinuka na noti yake mkononi.