Siku moja maishani mwangu: moduli za dakika kumi na tano, Lamu

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na natengeneza moduli, yaani vipande vifupi vya somo vyenye video na maswali ya kufanyia kwenye tableti. Sauti ya video hurekodiwa sasa, baada ya swala na kabla punda wa mtaa wa Langoni hawajaanza kubeba mawe. Punda akilia katikati ya maelezo, mtoto humsikiliza punda. Leo ni kujumlisha sehemu zenye asili (nambari ya chini) tofauti, kwa dakika 4. Video ikizidi hapo, mwanafunzi aliyebaki nyuma ndiye wa kwanza kuirusha mbele. Maelezo ni kwa Kiswahili. Maswali yanabaki kwa Kiingereza, maana mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 utamjia hivyo. Nikiibana video hadi ubora wa chini wa 360p, hukaa kwenye MB 10 hadi 15.

Saa 1:15 asubuhi. Nawasha seva: Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, yenye Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti. Tableti 15 huiona kupitia ruta, na bando haliguswi. Waifai ya ndani ya Pi yenyewe huzidiwa tableti zikiwa nyingi, kwa hiyo usibane pesa ya ruta.

Cha kwanza kutazama ni tarehe. Pi 4 haina saa ya betri. Stima ikikatika usiku, asubuhi huamka ikidhani bado ni jana, na ripoti zote zinapata tarehe ya uongo. Na huzimwa kwa amri, si kwa kung'oa waya, la sivyo kadi ya kumbukumbu itaharibika siku usiyoitarajia. Halafu matundu ya chaji. Hewa ya bahari huyaotesha kutu ya kijani. Tableti ikiwa imezimwa, napitisha brashi laini yenye spiriti kidogo na kuiacha ikauke.

Saa 4:30. Wengine wanakunywa chai, mimi naandika majibu yasiyo sahihi ya maswali ya kuchagua. Kazi iko hapa. Swali ni 2/3 + 1/4, na jibu ni 11/12. Majibu mengine matatu hayaokotwi ovyo, kila moja lina ugonjwa wake.

Anayechagua 3/7 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyu hahitaji mazoezi zaidi ya kujumlisha. Anahitaji kuuona mkate wa kumimina umekatwa. 2/3 tayari imepita nusu, 3/7 haifiki nusu: umeongeza, mbona umepungukiwa? Anayechagua 3/12 amepata asili ya pamoja, ila kiasi (nambari ya juu) hakukigusa; moduli yake ni ya kujaza 2/3 = ?/12 na ndugu zake, mara tano tu. Anayechagua 2/12 amezidisha. Mara nyingi anajua kazi, amechanganya alama na somo la wiki iliyopita.

Kwa hiyo alama ya asilimia 40 hainiambii kitu. Watoto watatu wenye 40 wanaweza kuhitaji moduli tatu tofauti, na pengine shimo la mtoto wa Gredi ya 8 lilichimbika Gredi ya 4.

Saa 8:30 mchana. Kipindi chenyewe, dakika 40, kabla ya Alasiri. Baada ya hapo watoto ni wa madrasa, na ratiba inayoshindana na madrasa hapa Lamu haina maisha marefu. Video, mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua kwenye daftari, kisha maswali. Kigezo cha kufuzu nimekiweka 4 sahihi kati ya 5. Nikiweka 5 mfululizo, kosa moja la kidole linamrudisha mwanzo na anakata tamaa.

Wakiketi wawili kwa tableti moja, anayejua ndiye anayebonyeza. Nywila za wanafunzi nimeziondoa kwa sababu zilikuwa zikila dakika 10, lakini sasa mtu huingia kwa jina la mwenzake, hivyo kila mmoja hunisomea jina lililo kwenye kioo kabla ya kuanza. Anayemaliza maswali matano ndani ya nusu dakika anabahatisha. Dawa yake ni kuandika nambari badala ya kuchagua. Hapo na wewe uwe mwangalifu: usipoingiza majibu yote yanayokubalika, 0.5 na 1/2, mashine inaweza kumkosoa aliyepata.

"Mwalimu, hii imekwama." Haijakwama, imefika kwenye swali ambalo hajui. Nakaa naye kwa swali hilo moja, kalamu mkononi mwake.

Saa 10:30. Ripoti. Kolibri hunionyesha nani anahitaji msaada, lakini mimi nafungua jibu moja moja. Leo wanne wana 3/7. Hao kesho hawapewi tableti kabisa. Tutakaa mkekani na karatasi za kukunja.

Saa 2:00 usiku. Nanakili data kwenye flashi. Waliofuzu leo nawapangia maswali matatu Alhamisi na mengine matatu Jumanne ijayo, bila video. Kisha nazima Pi, kwa amri.