Mzee bado anaruka

Wakenya wenzangu hapa Uingereza wakisikia nafanya kazi na farasi, swali huwa ni moja: wale wa mbio wakichoka huenda wapi? Wengi wameshajijibu kabla sijafungua mdomo, na jibu lao ni buchani. Wapo walioishia huko, sitawadanganya. Lakini huyu ninayemhudumia mimi ana miaka 12, alikimbia muda mrefu kwenye viwanja vikubwa vyenye kamera na akina mama wa kofia, akaonekana amekwisha, akauzwa mnadani Doncaster kwa bei ya gari kuukuu. Na bado anakimbia. Anakimbia kwenye shamba la mtu, wikendi, mgongoni kabeba msichana anayesomea uuguzi.

Jina lake la mbio ni refu, la Kifaransa, na halina kazi hapa. Mimi humwita Mzee. Mwenye shamba, mama wa Kiingereza wa makamo, naye siku hizi humwita hivyo hivyo, na majirani wanadhani ndilo jina lililo kwenye karatasi.

Mbio zenyewe zinaitwa pointi-tu-pointi. Wenyewe hufupisha wakasema "pointi", nami nitafanya hivyo. Ni mbio za ridhaa za kuruka viunzi, na nyingi huwa za maili 3, yaani kilomita 5 kasoro kidogo. Joki, yaani mpandaji, halipwi. Anaweza kuwa mkulima, mwalimu, fundi bomba, mtoto wa shule aliyetimiza miaka 16. Farasi naye hahitaji kutoka kwenye zizi la kocha mwenye leseni. Mama huyu anawafuga wawili nyuma ya nyumba yake, karibu na tanki la mafuta, na anawafanyisha mazoezi yeye mwenyewe akisaidiwa na mimi. Msimu huanza Novemba ukaisha Juni, wakati ambao watu wenye akili timamu wako ndani karibu na moto.

Asili ya mbio hizi ni Ireland. Mwaka 1752, kule Cork, mabwana wawili, Edmund Blake na Cornelius O'Callaghan, walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, kiasi cha maili nne na nusu, wakikata moja kwa moja mashambani, na kila ua na mtaro uliokuwa njiani ukarukwa. Hakukuwa na uwanja. Mnara wa kanisa la pili ulionekana kwa mbali, ukawa ndiyo alama ya kufuata. Leo viunzi vinajengwa kwa matawi membamba yaliyofungwa na kushindiliwa, lakini shamba bado ni shamba. Jumatatu baada ya mbio ukipita pale utakuta kondoo.

Sasa, hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Ireland na Uingereza zinafanya mchezo mmoja kwa sababu mbili tofauti. Ireland, pointi ni mlango wa kuingilia mbio za kulipwa. Farasi wa miaka 4 analetwa, anashinda mara moja, na kabla ya wiki kwisha anaweza kuwa ameuzwa kwa pesa ambazo mimi na wewe tungenunulia nyumba. Best Mate, aliyetwaa Gold Cup ya Cheltenham, mojawapo ya mbio kubwa kabisa za kuruka, 2002, 2003 na 2004, alianzia huko. Denman wa 2008 vilevile, na Minella Indo wa 2021. Uingereza nako wapo vijana wa aina hiyo, ila ukisimama kwenye duara wanamotembezwa farasi kabla ya mbio za wazi, zile zinazopokea hata walioshinda sana, wengi unaowaona ni wazee wanaotoka upande wa pili wa mlango. Huyu aliwahi kushinda Ascot. Yule alikuwa wa tajiri fulani. Viwango vyao vimeshuka, mwenye mali amechoka kulipa bili, na mtu wa kijijini amemchukua.

Mzee wetu aliachwa kwa sababu ya mguu.

Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza asubuhi, kabla ya chakula chake na chai yangu, ni miguu ya mbele. Nachuchumaa, napitisha kiganja nyuma ya mguu kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, polepole, kisha mguu wa pili, kisha narudia ule wa kwanza. Natafuta joto. Kano zinazopita hapo zimestaafisha farasi wengi mno kwenye mchezo huu. Mzee aliumia mguu wa kushoto enzi za viwanja vikubwa, na katikati ya kano pamebaki kiuvimbe kigumu mfano wa punje ya haragwe. Kikiwa baridi na ukubwa wake ni uleule, tunatoka mazoezini. Kikiwa vuguvugu, hata kidogo tu, tandiko halishuki ukutani; anamwagiwa maji ya bomba mguuni na daktari wa mifugo anapigiwa simu. Nyakati za baridi kali lazima kwanza nipashe mikono yangu kwapani na kuiacha ipoe kidogo, maana mkono uliokufa ganzi hausikii kitu, na ule uliotoka kwenye moto unadanganya.

Alikaa mwaka mzima bila mbio kabla ya kurudi. Miezi ya kwanza ilikuwa kutembea tu, barabarani, juu ya lami, saa nzima kila siku, mimi nikiwa juu na koti la mvua. Kuna watu wanachukua farasi wa mbio mnadani Agosti na kumkimbiza Novemba. Wanakosea, na huwa nawaambia.

Siku ya mbio huanza na karatasi. Farasi hapa wana pasipoti, na pale uwanjani inakaguliwa kuhakikisha chanjo ya mafua ya farasi iko sawa kwa tarehe. Ukikosa, unarudi nyumbani na lori lako. Halafu ni mizani. Uzito wa kawaida ni stoni 12, kama kilo 76, joki pamoja na tandiko. Msichana wetu hafiki hata kilo 60, kwa hiyo tofauti inajazwa na vipande vya madini ya risasi vinavyotiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Mimi sipendi ule uzito mfu. Uzito wa mtu unainuka na kusogea na farasi. Risasi inakaa tu.

Mzee nyumbani ni mvivu. Husinzia mdomo wa chini ukining'inia, na paka hulala kwenye nyasi zake. Lakini akisukwa nywele za shingo usiku wa kuamkia mbio, anabadilika. Hali chakula chote. Lori likifunguliwa kule uwanjani na akasikia kipaza sauti, shingo inapanda na jasho linatoka masikioni, na mimi ninayemwongoza kwenye duara huwa nakanyagwa walau mara moja. Hicho ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wanaosema analazimishwa. Nimeona farasi wanaolazimishwa. Hawatembei hivi.

Msimu uliopita tulimpeleka Chaddesley Corbett, Worcestershire, uwanja wanakoshindania kombe la Lady Dudley, ingawa sisi hatukwenda kwa ajili ya kombe. Tuliingia mbio za majoki wachanga, ambazo zimewekwa kwa watu kama huyu msichana. Nilikuwa nimesimama karibu na kiunzi cha tatu kutoka mwisho, hatua chache tu kutoka kwenye kamba. Walikuja watano pamoja. Msichana aliona nafasi, akamsukuma Mzee aruke kutoka mbali. Mbali mno. Mzee hakumsikiliza. Aliongeza hatua moja fupi, akakunja miguu ya mbele, akapita, na upande wa pili akasubiri msichana arudi kwenye tandiko ndipo akaendelea kukimbia. Farasi kijana aliyekuwa kulia kwao alisukumwa vilevile, akatii, akapiga tumbo kwenye matawi na joki wake akaenda chini. Wote wawili waliinuka salama. Sisi tukawa wa tatu.

Utu uzima dawa. Huwezi kumfundisha joki mchanga kwa kumpa farasi mchanga. Wote wawili watauliza swali lilelile na hakuna wa kulijibu. Zawadi za pointi ni pauni mia chache, hazilipi hata kwato za mwezi na nauli ya lori. Kinachonunuliwa pale ni hilo darasa, na mwalimu wake lazima awe amewahi kuruka vitu vikubwa kuliko hivi.

Ukitaka mfano wa farasi anayejulikana, mtafute Pacha Du Polder. Alikuwa farasi mzuri wa mbio za kulipwa kwenye zizi la kocha Paul Nicholls, kisha umri ukasogea akapelekwa upande wa ridhaa. Mwaka 2016 alipewa Victoria Pendleton, bingwa wa Olimpiki wa baiskeli, ambaye mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo hakuwa mpanda farasi kabisa. Wakashika nafasi ya 5 kwenye Foxhunter ya Cheltenham, mbio za ridhaa zinazofuata Gold Cup siku hiyohiyo na kwenye njia ileile. Mwaka 2017 akaishinda akiwa na Bryony Frost. Mwaka 2018, akiwa na miaka 11, akaishinda tena na msichana mwingine, Harriet Tucker, ambaye bega lilimchomoka katikati ya mbio na bado akafika mbele. Majoki watatu, mwalimu mmoja.

Na wapo waliopanda juu zaidi. Grittar wa mkulima Frank Gilman alishinda mbio za Foxhunter za Cheltenham na Liverpool 1981, mwaka uliofuata akaitwaa Grand National yenyewe. Mpandaji wake alikuwa Dick Saunders, mtu wa ridhaa mwenye miaka 48. Akashuka, akastaafu siku hiyohiyo. Huyo namhusudu.

Ubaya upo, na siwezi kuuruka. Farasi huanguka. Wengine hawainuki, na pazia la kijani la kumficha farasi likishaletwa, kila mtu aliyesimama pale anajua. Nimeliona hilo, sitaki kulieleza zaidi. Kuna pia wasiokanyaga kwenye pointi kwa sababu mikutano mingi huandaliwa na vyama vya uwindaji ili kuchangisha pesa. Uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004, vyama vikabaki, vikisema sasa vinafuata harufu iliyowekwa na mtu. Wapinzani wao hawaamini. Nawaelewa wapinzani, na bado naenda, kwa kuwa mimi naangalia farasi.

Si kila farasi wa mbio anafaa kuja huku, hilo nalo liandikwe. Tangu 2000 kuna shirika la hisani la mchezo wenyewe, Retraining of Racehorses, linalosaidia wastaafu kupata kazi nyingine: polo, maonyesho, kuruka uwanjani, kubeba watu matembezini. Aliyechoka na makundi apelekwe huko, tena mapema. Ninachokipinga ni ile huruma ya kumnunua farasi kwa sababu ana macho mazuri, kumwacha peke yake kwenye nusu ekari ya matope, kumlisha kama anayekimbia na kumtumia kama pambo. Huyo baada ya mwaka anauma watu, kisha anaitwa mkorofi.

Baba yangu alikuwa saisi Ngong. Kenya hatuna mbio za kuruka, farasi wanakimbia kwenye majani tambarare, na wakimaliza wengine huenda shule za upandaji Karen au polo kule Gilgil. Nilipomweleza habari za Mzee kwa simu alinyamaza kidogo.

"Kilo 76? Na ana miaka 12?"

"Ndiyo, baba."

"Nyinyi mna roho ngumu."

Nikamtumia video ya Chaddesley Corbett. Hakujibu usiku huo. Kesho yake akapiga.

"Nimeangalia masikio. Yako mbele mpaka mwisho. Haya, sina neno. Lakini ule mguu wa kushoto anauweka chini kwa uangalifu, umeuona?"

Nilikuwa nimeuona. Mama mwenye shamba hakuwa ameuona, wala msichana. Baba yuko Kawangware, kaangalia kwenye simu iliyopasuka kioo.

Kwa hiyo mjadala wetu wa sasa ndio huo. Mama anataka msimu mmoja zaidi, msichana anataka miwili, mimi nataka picha ya kano ipigwe Septemba kabla mtu yeyote hajataja tarehe. Tumekubaliana na langu, kwa kuwa mimi ndiye ninayechuchumaa. Picha ikiwa safi, tutaanza tena kutembea barabarani. Isipokuwa safi, atakuwa wa kumtuliza yule kijana wa miaka 5 aliyenunuliwa juzi, ambaye anaogopa matrekta, mapipa na, kwa sababu asizozijua mwenyewe, kuku.

Walioniuliza kama mnaweza kuja: njooni. Kiingilio ni nafuu kuliko viwanja vikubwa, watoto wanakaribishwa, na utasimama karibu na kiunzi kiasi cha kusikia majoki wakitukanana. Vaeni buti za mpira, si viatu vya kanisani. Na bebeni chapati, kwa sababu baga ya pale nimeijaribu.