Likelemba ya masaa matatu

Leo ilikuwa zamu yangu kula likelemba, ule upatu wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Ile ya pesa tunayo pia, wanawake kumi na mmoja wa barabara yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo. Hii nyingine tuko watatu: mimi, Mama Mapasa wa lupango (kiwanja) wa pili, na wifi yake anayeuza makaa. Tunachanga saa. Kila Jumamosi, tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, mmoja anawaachia wenzake watoto na kwenda zake. Watoto wote ni tisa.

Nimemfikiria sana mama yangu. Nilipokuwa mdogo alikwenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa, mbali, na nilimwonea huruma. Lakini alirudi na ndoo kichwani, uso umetulia, mara nyingine akiimba. Sasa ninaelewa kwamba ile foleni ya ndoo ndiyo ilikuwa saa yake. Sisi wadogo hatukuweza kumfuata, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, maana maji yalionekana.

Mimi bomba liko uani. Namshukuru Mungu kwa bomba hilo, na ndoo ile siitamani. Ila mama alikuwa na sababu ya kutoka, na mimi sina.

Nashona nyumbani. Shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019 tulipumua, maana ada ilikuwa inatumaliza. Madarasa yakajaa. Kwetu mkubwa anasoma asubuhi, wa pili anasoma mchana, wa tatu bado hajaanza. Mmoja akiingia, mwingine anatoka, na cherehani iko katikati yao.

Mwezi wa tano nilimpiga kofi yule wa pili kwa sababu ya chumvi iliyomwagika. Chumvi kidogo tu. Hakulia, alinitazama tu, na jicho lile bado ninalo. Jioni nikamwambia Mama Mapasa. Hakunihukumu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, pesa tunazungusha. Kwa nini saa tusizungushe?"

Sheria tuliziweka siku hiyohiyo, tumekaa kwenye vibao vya jikoni. Mwenye zamu haendi soko, hapeleki nguo ya mteja. Hapigiwi simu, isipokuwa kwa ugonjwa. Kilio, yaani msiba, kikitokea zamu inasogezwa, haifutwi. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoibishania zaidi, maana katika mji huu kilio hakikosekani, na ukiacha mlango huo wazi zamu zote zitapitia hapo.

Papa wa watoto aliniuliza, "Unaenda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kukaa." Alifikiri nimekasirika naye. Ilinichukua usiku mzima kumweleza kwamba sikukasirika na mtu, nimechoka tu kuitwa. Siku hizi Jumamosi yangu ikifika ndiye anayeniambia saa nane imepita.

Mara ya kwanza, mwezi wa sita, sikufika mbali. Nilizunguka kidogo, nikarudi, nikasimama nje ya ukuta wa lupango wa Mama Mapasa nikiwasikiliza wanangu. Walikuwa wanacheka. Niliumia, kisha nikashukuru, kisha nikaondoka tena polepole ili wasinione. Nadhani siku ile ndiyo nilianza kupumzika.

Leo nilipanda taksi mpaka mjini. Jakaranda zimechanua, njia imejaa maua ya zambarau, unayakanyaga kama kitambaa. Nilinunua masuku, yale matunda ya porini, ya kwanza ya mwaka huu kwa mama mmoja aliyekaa kivulini, nikakaa karibu naye. Kwa mbali ule mnara mkubwa wa moshi wa kiwandani ulionekana, na nyuma yake kile kilima cheusi cha taka za shaba. Nimeishi chini ya vitu hivyo miaka yote. Leo nimevitazama. Nilikula masuku sita moja moja, nikinyonya mpaka mbegu ikawa kavu, na hakuna mkono ulionyooshwa kuomba.

Jumamosi ijayo ni ya Mama Mapasa. Anataka kulala tu, na kwake hakuna chumba cha kujifungia. Watoto watakuwa kwa wifi yake na mimi nitakuwa huko, kwa hiyo nimempa kitanda changu. Kesho nitafua shuka.