Udongo wa Eldora: usiku wa pikapu kwenye mashamba ya Ohio

Ukitoka Dayton unashika barabara ya 49 mpaka Greenville, halafu ya 118 kuelekea kaskazini, unapita Ansonia na Rossburg. Kulia mahindi, kushoto soya, mpaka unaanza kudhani umepotea. Kisha juu ya mahindi unaona nguzo za taa, na upepo unakuletea harufu ya petroli na udongo mbichi. Hapo ndipo Eldora, uwanja wa mbio za magari uliojengwa na Earl Baltes mwaka 1954 katikati ya mashamba, na ambao dereva Tony Stewart aliununua mwaka 2004.

Tulikwenda Jumatano, tarehe 18 Julai 2018, mimi na ndugu wawili Wakongo wanaoishi Dayton, kutazama mbio za pikapu za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani. Siku ya kazi, na kesho yake kazi tena. Tulipouliza chumba cha kulala hapo karibu tukatajiwa dola 140 kwa kitanda kimoja na kiyoyozi kibovu, tukaamua kurudi usiku uleule. Vizibo vya masikio ambavyo Dayton vilikuwa dola moja, kwenye meza za njiani viliuzwa dola tano. Vinunue mapema. Injini ya silinda nane isiyo na kizuia sauti, mara 32, si kelele ya kuvumilia kwa saa nne.

Kosa letu lilikuwa viti. Tuliona safu za chini karibu na kona ya kwanza ziko wazi, tukafurahi kwamba tutakaa karibu na magari. Ziko wazi kwa sababu. Magari huzunguka kinyume cha saa, na kwenye kona dereva huuachia mkia utelezee nje. Tairi za nyuma basi hutazama ukuta, na kila kitu zinachokwangua zinakirusha juu ya ukuta, kwa watazamaji. Mchujo wa kwanza haujafika mzunguko wa tatu, bonge la ukubwa wa limau likampiga mwenzetu usoni na kupasua kioo kimoja cha miwani. La pili likatua kwenye chipsi zetu za dola saba. Lilikuwa zito, baridi, jeusi, na lilinata kama ugali uliokosa moto.

Mzee mmoja aliyekaa safu za juu, akiwa na miwani ya kuteleza kwenye theluji, akatupungia mkono tupande. Alitutengea nafasi kwenye blanketi lake, akatupa kitambaa chenye maji, akatuonya tusifute macho kwa vidole: udongo ule una mchanga laini unaokwaruza mboni. Umwagie maji, uache utoke wenyewe. Kisha akaokota bonge lililobaki begani mwa mwenzetu, akalibonyeza kwa dole gumba. Alama ikabaki laini, bila ufa. Akasema njia bado ina maji, tutazame magari ya chini, ya upande wa ndani. Likianza kupasuka pembeni mwa dole gumba, tuhamishie macho juu, kwenye ukuta.

Kwa saa tatu zilizofuata nilikuwa mwanafunzi wa bonge lile, na sasa naamini shangwe za mashabiki wa mbio hizi haziwezi kueleweka bila udongo.

Njia ya Eldora ni ya udongo wa mfinyanzi, urefu wake nusu maili, yaani kama mita 800, na kona zake zimeinuka kwa nyuzi 24. Kuitayarisha ni kazi ya siku kadhaa. Wanailima juu juu, maboza yanamwaga maji kidogo kidogo yapate kuzama, greda linasawazisha, rola linashindilia. Waswahili walikwisha kusema, udongo uwahi ungali maji, na hapa ndiyo kazi yenyewe. Ukimwaga maji mengi dakika za mwisho, juu panakuwa utelezi na chini pakavu, na ngozi ile ya juu inabanduka vipandevipande kwa mizunguko michache. Ndiyo maana kabla ya michujo magari yanatolewa kuzunguka polepole, kazi yake ikiwa kuukanyaga udongo tu.

Mwanzoni, udongo ukiwa mbichi, tairi inauma. Kila dereva anang'ang'ania njia ya chini kwa sababu ni fupi. Jua likizama na mizunguko ikiongezeka, katikati panakauka, panang'aa kama sakafu iliyopigwa nta, na tairi haishiki tena. Udongo uliolegea husukumwa nje na kujikusanya karibu na ukuta, ukafanya tuta. Wenyeji wana neno lao, kwa Kiswahili ni takia, nalo limelingana kabisa: dereva anaegemeza tairi ya nyuma ya kulia kwenye tuta hilo, linamzuia asiteleze zaidi, naye anakanyaga mafuta mapema kuliko aliye chini. Njia ya juu ni ndefu ila ina kasi. Lakini ukilipanda tuta badala ya kuliegemea, nyuma yake kuna ukuta wa saruji, na kinachovunjika kwanza huwa mikono ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma.

Mashabiki wanaolijua hilo hawamtazami anayeongoza. Wanamtafuta wa kwanza kuthubutu kupanda. Mchujo wa tatu, pikapu moja iliacha msafara wa chini ikajaribu juu, ikapita mbili kwa mzunguko mmoja, na jukwaa zima likasimama kabla ya mtangazaji kufungua kinywa. Mzee wetu alikuwa amesimama tayari. Bonge mkononi mwake lilikuwa limepasuka.

Pikapu zenyewe ni mzigo. Zina zaidi ya kilo 1,500, zinasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na zimeundwa kwa lami. Kwa udongo zinaondolewa ule ubao wa chini mbele unaokandamiza gari kwa upepo, maana ungechota tope kama koleo. Mbele ya rejeta unawekwa wavu. Wavu huo ndio unaowatoa wengi mbioni: tope linaunata, joto la injini linalioka, hewa haipiti, na gari linachemka likiwa halijagongwa popote. Tairi ni za mafundo, na ya nyuma kulia ina mzingo mkubwa kuliko ya kushoto. Laza bilauri mezani uisukume, itazunguka kuelekea kitako kilicho chembamba. Pikapu nayo hivyo hivyo, inajipeleka kushoto hata usukani ukiwa umenyooka. Ndani ya kona usukani unakunjwa kulia huku gari likikata kushoto, na mguu ndio unaoongoza zaidi ya mikono.

Michujo ilikuwa mitano, ya mizunguko 10 kila mmoja, halafu mmoja wa mwisho kwa waliokosa. Mzee alitueleza mchujo wa namna hiyo wa mwaka 2013 kama mtu anayesimulia harusi ya mwanawe. Mwaka huo mbio za ngazi ya kitaifa za NASCAR zilirudi kwenye udongo mara ya kwanza tangu 1970. Norm Benning, dereva wa umri wa miaka 61 mwenye timu ndogo isiyo na fedha, alikuwa kwenye nafasi ya mwisho ya kufuzu, na Clay Greenfield akawa anamgonga nyuma na ubavuni mpaka ukutani. Benning hakuachia. Alivuka mstari gari likiwa limekunjamana, na watu walimshangilia kuliko walivyomshangilia Austin Dillon aliyeshinda usiku ule.

Hapo nikawaza nyumbani. Watu wa Nakuru na Naivasha wanaijua furaha hii: kusimama kando ya barabara ya vumbi, kuona gari kwa sekunde chache, kisha kubishana mchana kutwa. Safari Rally imewafundisha kusoma vumbi laini lile linalomeza magurudumu. Madereva wa malori nao husoma tope jeusi la masika bila mwalimu. Ila kwetu gari likipita limekwenda. Sijui kwa nini hatuna njia kama hii, ya mita 800, mahali ambapo fundi wa Nakuru angeonekana na watu wake mara 150 kwa usiku mmoja. Udongo tunao, mafundi tunao, pikapu ndizo zinazotulisha.

Mbio kuu zilikatwa mafungu matatu, mizunguko 40, 50 na 60, na mafundi walipewa nafasi ya kubadili tairi kati ya mafungu. Fungu la kwanza na la pili yalipita kwa bendera nyingi za njano, zile za kupunguza mwendo kukitokea hatari. La mwisho ndilo lililotuvua sauti. Chase Briscoe na Grant Enfinger, wote wa ThorSport, timu ya Sandusky hapa hapa Ohio, walipigania ushindi mpaka mzunguko wa mwisho. Mmoja akijirusha chini na kuteleza mbele ya mwenzake, mwenzake anakata kuingia ndani. Walitoka kona ya nne wakigusana. Briscoe alishinda kwa sekunde 0.038, akaenda kupokea koleo lenye rangi ya dhahabu. Yule Mkongo mwenye kioo kimoja alikuwa amemkumbatia mzee.

Pikapu zilirudi Eldora mara moja tu baada ya hapo, 2019, akashinda Stewart Friesen. Mwaka 2020 korona ilizifuta, na 2021 zikahamishiwa Knoxville, Iowa. Inauma.

Kutoka kwenye nyasi za maegesho kulichukua karibu saa mbili, nasi tukafika Dayton alfajiri. Nguo zenye udongo ule usizitie majini zikiwa mbichi, utauingiza ndani ya nyuzi. Zianike zikauke kabisa, uzipige ukutani, upige brashi ngumu, ndipo ufue kwa maji baridi. Shati langu lilihitaji mara tatu.