Siku Nne Bowling Green

Jumamosi ya 23 Machi 2024 tuliondoka Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, alfajiri, watoto wawili wamelala nyuma, mke wangu kashika chupa ya chai. Shule zilikuwa zimefunga wiki moja. Tangu Januari shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa akitupigia simu: njooni Bowling Green, Kentucky, pango la nyumba ni rahisi, kazi zipo, kwaya inaimba Kiswahili. Tulikwenda kuamua kama tuhamie.

Njia yenyewe haina ujanja. Unaingia barabara kuu ya I-65 pale Gary, Indiana, na hutoki mpaka ufike, maili 400 na kitu. Kinachochanganya ni saa. Chicago na Bowling Green zina saa ileile, lakini sehemu kubwa ya Indiana na mji wa Louisville ziko saa moja mbele. Njiani unanyang'anywa saa, halafu unarudishiwa ukiingia kaunti ya Hart. Kwa mpita njia ni kichekesho tu. Kwa anayetafuta kazi ni jambo la kupigia hesabu, maana matangazo mengi aliyotutumia shemeji yalikuwa ya Elizabethtown, mwendo wa saa nzima kaskazini, ng'ambo ya mstari huo. Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi kule ni saa kumi na moja kwa saa ya Bowling Green. Toa saa ya njiani, toa muda wa kuvaa vifaa, unajikuta unaamka saa tisa usiku. Tuliposimama kujaza mafuta niliyafuta yote kwenye simu.

Jumapili ilikuwa ya Matawi. Kanisani walijaa Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, wengi wao waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania. Mimi ni mtoto wa Kasulu, kwa hiyo baada ya ibada nilizungukwa na watu wanaojua soko letu na mvua zetu, na tukala ugali wa muhogo kwa sombe, ambayo sisi tunaita kisamvu. Mji huu umezoea wageni. Wabosnia waliletwa tangu miaka ya 1990, na wengine wamefuata. Mke wangu alikuwa akicheka kama ambavyo sikumwona akicheka miezi mingi. Nikajua kwamba kama kuna karatasi ya kusaini itatokea leo, tutasaini.

Karatasi ikatokea. Saa tisa alasiri shemeji alitupeleka kuona nyumba ya vyumba viwili, dola 1,080 kwa mwezi. Sisi tulikuwa tunalipa 1,700. Msimamizi alitaka ada ya maombi, dola 50 kwa kila mtu mzima, hairudishwi. Hati mbili za karibuni za mshahara. Na kipato cha mara tatu ya pango, yaani dola 3,240 kwa mwezi. Hapo ndipo wahamiaji wengi hukwama. Mshahara wa Chicago hauhesabiki kwa sababu ukihama unaacha kazi hiyo. Barua ya ajira mpya inakubalika ikitaja malipo kwa saa, idadi ya saa na tarehe ya kuanza. Barua ya wakala wa vibarua mara nyingi inakataliwa, kwa kuwa kazi ya wakala ni ya muda hadi siku 90 zipite. Kwa hiyo barua kwanza, ada baadaye. Aliyelipa ada bila barua ametoa sadaka.

Nikauliza pia habari ya umeme. Chicago tulikuwa na radieta za mvuke na gharama ilikuwa ndani ya pango. Hapa joto linatoka kwenye mashine ileile ya kiyoyozi, inayovuta joto la nje na kulipeleka ndani. Baridi ikizidi, joto la kuvuta halitoshi, na mashine inawasha koili za umeme za akiba, ambazo hula umeme kama jiko. Mtu akipandisha kipimo cha joto kwa nyuzi tano kwa mkupuo, koili zinawaka hata pasipo haja. Heri kupandisha kidogokidogo, au kukiacha palepale. Msimamizi alinitajia wastani wa bili kwa mwaka. Wastani haukusaidii Januari. Nilimwomba jirani wa chini anionyeshe bili yake ya Januari, akanionyesha: dola 214.

Nilizunguka jengo nikaangalia limekaa wapi. Bowling Green imejengwa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji. Chini kuna mapango na mito. Mnamo 12 Februari 2014 sakafu ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette ilititia na kumeza magari 8. Hilo ni tukio la nadra, na mpangaji asikose usingizi kwa ajili yake. La kila msimu ni maji ya mvua: sehemu nyingi maji hayaendi mtoni bali yanaingia ardhini kupitia mashimo ya asili na visima vilivyochimbwa kwa kazi hiyo, na shimo likizibwa na majani na takataka, bondeni panakuwa bwawa. Tazama alama ya tope kwenye kuta za nje na matairi ya magari yanayolala pale. Ukikodi ghorofa ya chini, uliza pia kama nyumba imepimwa redoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, maana kaunti hii ya Warren imo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi, na pikokyuri 4 kwa lita ya hewa ndicho kiwango ambacho mamlaka za Marekani hushauri nyumba irekebishwe. Msimamizi hakuwahi kusikia neno hilo.

Na kuna upepo. Usiku wa kuamkia 11 Desemba 2021 kimbunga cha tonado kiliupiga mji huu watu wakiwa usingizini, wakafa zaidi ya 15, watoto wakiwemo. Nyumba nyingi zimekaa juu ya zege tupu, hazina chumba cha chini ya ardhi. Kimbilio ni choo au stoo iliyo katikati ya nyumba, isiyo na dirisha, sakafu ya chini kabisa. Na redio ya tahadhari yenye betri, kwa sababu king'ora cha nje hakikusudiwi kumwamsha aliyelala ndani. Tuliyokuwa tukiiangalia ilikuwa ghorofa ya pili.

Shemeji alihisi nazidisha. Akaniletea habari ya kodi: mwaka huo wa 2024 Kentucky ilikuwa imeshusha kodi ya mapato hadi asilimia 4, Illinois, jimbo la Chicago, ilikuwa 4.95. Kweli. Ila miji ya Kentucky hukata yake juu ya mshahara, na hapa ni karibu asilimia 2. Kwa dola 720 za wiki, kabla ya misamaha, Illinois ilichukua kama 36, hapa kama 43. Gari nalo linalipiwa kodi ya mali kila mwaka na yeyote aliyekuwa na jina kwenye hati siku ya 1 Januari. Si fedha ya kumwangusha mtu, lakini tusiambiane kwamba Kusini hakuna kodi.

Aliyetusaidia kweli ni mzee mmoja wa Fizi aliyekuwa kanisani. Aliniambia, "Mwana yangu, Jumapili kila mji ni muzuri. Kesho amuka saa kumi." Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri alinipitia na gari lake la viti saba. Tulizoa watu watano, kila mmoja akimlipa dola 40 kwa wiki, tukafika lango la kiwanda cha vipuri saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Wa mwisho kupanda alichelewa dakika nne, na gari zima likanuna. Kule uchelewaji ni pointi nusu, kutokuja ni pointi nzima, na zikifika sita kazi imeisha. Anayepanda gari la mwenzake anabeba pointi za mwenzake. Tena ziada ya kazi hutangazwa mwishoni mwa zamu: dereva akibaki saa mbili, abiria wote wanabaki naye hata kama idara zao zimefunga. Basi za mji zipo, ila ni za mchana. Zamu ya pili inatoka saa tano na nusu usiku.

"Hapa bila motokari," mzee alisema tukirudi, "hauko na kazi. Uko na bahati tu."

Mchana ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mimi zamu ya kwanza, kutoka saa nane na nusu. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi, na nafasi aliyoiona kwenye nyumba ya wazee ilianza saa nane kamili. Nusu saa hiyo gari moja haliwezi kuiziba, na yeye hakuwa na leseni. Gari la pili: 290 ya mkopo, 170 ya bima, 90 ya mafuta. Jumla 550. Akiba ya pango ilikuwa 620. Zilibaki 70, na bili ya Januari ya jirani ilikuwa mezani.

Mke wangu aliitazama karatasi kwa muda. Hakubisha hesabu. Alisema, "Basi tusije kwa sababu ya pango. Tuje kwa sababu ya kanisa na watoto, lakini tuje na magari mawili."

Jumanne tulishughulikia yaliyobaki. Mji una mamlaka mbili za shule, ya mji na ya kaunti, na mipaka yake haifuati mipaka ya mji. Anwani ndiyo inayoamua. Kentucky inadai chanjo mbili za homa ya ini aina ya A, zikipishana miezi sita, na Illinois haikuwa imetudai, kwa hiyo dozi ya kwanza tungeichoma Chicago mara tukirudi. Cheti cha mke wangu kinahamishwa bila kurudia kozi kikiwa hai, ila huku cheo hicho cha msaidizi wa wauguzi kinaitwa SRNA badala ya CNA, na ukitafuta kazi kwa jina la zamani unazikosa nyingi. Leseni ya udereva ya jimbo jingine inabadilishwa ndani ya siku 30 bila jaribio la barabarani. Gari ndani ya siku 15, na kwanza likaguliwe na ofisi ya sherifu. Kwa hiyo ilikuwa afadhali mke wangu ajifunzie udereva Chicago, ambako mimi ningekuwa kando yake, kuliko kuanza upya Kentucky nikiwa kwenye zamu.

Hatukusaini. Shemeji alitusindikiza mpaka kituo cha mafuta bila kusema mengi.

Aprili tulianza mazoezi kwenye uwanja wa maegesho wa duka lililofungwa, kila Jumapili baada ya misa. Mke wangu alishindwa jaribio la kwanza kwa kuegesha kwenye mteremko na matairi yameelekea upande usiofaa. La pili alipita, Juni, na jioni ile ile alimpigia mdogo wake kumuuliza kama kuna nyumba ya ghorofa ya chini, isiyo bondeni.