Kigimbi kilichoniamsha kabla ya daku

Wenzangu Ramadhani huamshwa daku na ngoma. Mimi mwaka huu niliamshwa na kigimbi. Saa nane za usiku, zimebaki siku sita kufika Idi, kigimbi cha mguu wa kushoto kilijikunja chenyewe kikawa kigumu kama nazi kavu, vidole vikachongoka kuelekea chini, nami nikatoka kitandani na chandarua shingoni. Mume wangu akadhani mwizi kaingia. Alipowasha taa akanikuta nimekumbatia kabati, machozi yananitoka na kicheko juu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Sitaki ya umeme. Umeme ukikatika wenzangu wanapiga soga, mimi naendelea kupinda kanga. Sasa msimu wa Idi ndio mavuno yetu, kwa hiyo nilikuwa nakaa kitini tangu asubuhi hadi karibu na kufuturu, nikitoka tarawehe narudi tena.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni Mgandini nachechemea, maana msuli ukishabanwa hivyo huuma hadi kesho. Nikaulizwa, nikasema. Kosa! Shoga yangu mmoja akasema nile ndizi. Mwingine akasema ni funga, nimekauka maji. Nami nikaamini hilo la maji, hadi Idi ikapita, nakunywa maji na madafu mchana kutwa, na kigimbi kinanibana vilevile, usiku mara mbili. Mjomba wangu ndiye aliyenitisha: kanitolea vidonge vya kwinini alivyobakiza zamani za malaria, ati mzee wake alikuwa anameza nusu kila akilala.

Binti yangu anasomea uuguzi. Alipoviona akavitia mfukoni mwake. Akanieleza kwamba ni kweli kwinini imetumika sana kwa kubanwa misuli usiku, na huko Marekani mamlaka ya dawa ilionya juu ya matumizi hayo mwaka 2006, ikarudia 2010, kwa sababu inaweza kushusha chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kubanwa mguu hakuui. Hiyo inaweza.

Kabla yake nilikuwa nimeshanunua vidonge vya magnesiamu kwa pesa ya doti nzima ya kanga. Roho inaniuma mpaka leo, kwani kliniki walinipima damu wakakuta madini yote yako sawasawa, na binti akaniambia tafiti kwa watu wazima hazioni vikisaidia chochote cha maana. Dawa yangu ya presha, ile ya kukojoza, nayo imo kwenye washukiwa. Nilitaka kuiacha, nikakemewa. Haiachwi bila ya daktari kusema.

Basi ni nini? Chanzo chenyewe hata madaktari hawajakikamata chote. Nilichoelewa mimi ni hiki: msuli hukaza ukiamriwa na neva, na usiku neva huweza kufyatuka bila ya amri ya mtu. Ukilala, wayo huanguka mbele, na shuka iliyochomekwa huusukuma zaidi, kwa hiyo kigimbi kimeshafupika tayari. Kikiitwa kikaze, kinajifunga fundo. Mimi nina miaka 54, umri ambao misuli imeshaanza kupungua, na kutwa nzima nimekunja magoti mbele ya cherehani. Kigimbi changu kitajua lini kunyooka? Nakumbuka nilipokuwa na mimba ya huyuhuyu binti kilinibana hivihivi, nikaambiwa ni kawaida ya wajawazito.

Binti akanisimulia utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012: watu 80 waliopita miaka 55, nusu yao wakawa wanajinyoosha kabla ya kulala kwa wiki 6, na usiku wao ukatulia kuliko wenzao. Nikasema haya, hiyo haina bei. Nasimama mbele ya ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino hakinyanyuki. Naegemea mpaka nyuma ya mguu uvute. Nahesabu kumi, mara tatu, nabadili mguu. Na shuka siichomeki tena miguuni. Huu ni mwezi wa pili tangu nianze, kimenibana mara moja tu.

Lakini shoga, mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu, au ukiuma kila ukitembea na kupoa ukisimama, usije ukutani kwangu. Nenda hospitali.

Mume wangu alikuwa ananicheka kila usiku, ati nausukuma ukuta wa watu. Juzi nimesikia kishindo, kumbe zamu yake. Nikamvuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko mpaka msuli ukalegea. Alipopata pumzi akasema yake si misuli, ni jini.