Folda ipo, programu inasema haipo

Msimu wa korosho umechanganya hapa Mtwara, na ndipo programu yetu ya kusoma barua pepe za ghala ikagoma. Folda ya pamoja ya stakabadhi, eti haipo. Dada karani anaifungua kwenye kompyuta yake: "Kaka, si hii hapa?"

Nikaingia kwenye seva moja kwa moja kwa IMAP, lugha ambayo programu husomea barua pepe zilizo kwenye seva, nikaandika NAMESPACE, amri ya kuuliza folda za kila aina zinaanzia wapi. Kumbe folda za kushirikishana hazikai chini ya INBOX, kikasha cha barua zinazoingia. Kwetu zinaanzia shared/. Nikabadili njia ya folda kwenye programu, kosa likageuka kuwa NOPERM, yaani huna ruhusa. Nilifurahi kweli, maana sasa seva inakiri kwamba folda ipo. Akaunti ya programu ilikuwa na ruhusa ya l, ya kuona jina tu. Ya kusoma ni r. Ukikosa hata l, seva inakujibu kana kwamba folda haijawahi kuwepo, na hapo ndipo watu wanahangaika kubadilisha nywila bure.

Msimamizi kaongeza r, nikamwomba na s, ili alama ya "imesomwa" isipotee. Barua zikamiminika. Imebaki folda ya Newala, jina lake lina nafasi katikati. Jina hilo lazima liwekwe ndani ya alama za nukuu kwenye amri.